UZI: Kufuta vitu kwenye orodha huku lupu inaipitia (Java)

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Haipiti wiki humu bila mtu kubandika kipande kirefu cha maandishi mekundu, katikati kuna ConcurrentModificationException, yaani Java inalalamika orodha imebadilishwa huku inapitiwa, chini kaandika "msaada wenu wakuu". Anajibiwa kwa mstari mmoja, kodi (code) inakubali, anatokomea. Wiki inayofuata anakuja mwingine na kitu kile kile. Nimeona tufungue uzi mmoja tulichambue, ili siku nyingine mtu akiuliza tunamrusha huku.

Naongea kwa Java. Wa Python, C# na wengine mtaniunga mkono au kunipinga huko chini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: yale maandishi mekundu yanakufaa. Cha kuogopa ni lupu (loop) inayoharibu data bila kusema neno.

Tuchukue programu ndogo ya kikoba. Kuna orodha ya mikopo, na mwisho wa mwezi unataka waliomaliza deni watolewe:

```java
List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>();
// ... watu wanne wanaongezwa kwa add()

for (Mkopo m : mikopo) {
    if (m.baki() == 0) {
        mikopo.remove(m);
    }
}
```

Ndani mna watu wanne kwa mpangilio huu: Asha anadaiwa 50,000, Baraka 20,000, Chausiku 0, Daudi 0. Kabla hujashuka chini, jiulize nini kitatokea.

Wengi wanasema italipuka. Hailipuki. Inapita salama salimini, Chausiku anatoka, na Daudi anabaki kwenye orodha ya wadaiwa ilhali hadaiwi hata senti. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Sasa mrudishie Chausiku deni, Daudi peke yake awe na 0: inalipuka. Mrudishie Daudi naye, Baraka ndiye awe na 0: inalipuka vile vile. Kodi haijaguswa hata herufi. Kilichobadilika ni nani kamaliza deni, na kwa hilo tu mara inakufa, mara inapita. Ndiyo maana mtu anaijaribu kwake kwa majina matatu manne, inakubali, halafu ikifika kwa mteja inaanza vituko.

Kwa nini? Ile for yenye nukta mbili ni urembo wa lugha. Kompaila (programu inayotafsiri kodi yako) inaigeuza kuwa hivi:

```java
Iterator<Mkopo> it = mikopo.iterator();
while (it.hasNext()) {
    Mkopo m = it.next();
    if (m.baki() == 0) {
        mikopo.remove(m);
    }
}
```

Kodi ya ArrayList, aina ya orodha tuliyotumia, iko wazi kwenye OpenJDK, Java ya chanzo huria, mtu yeyote anaweza kuifungua aione. Itereta yake, ile it inayopita kitu kimoja kimoja, inabeba namba mbili za kuangalia hapa. Moja ni cursor, inayosema kitu kinachofuata kiko nafasi gani. Nyingine ni expectedModCount. Orodha yenyewe nayo ina namba yake, modCount, inayopanda kila kitu kinapoingia au kutoka. Itereta inapozaliwa inanakili modCount ya wakati huo. Tumeongeza watu wanne, kwa hiyo zote mbili zinasoma 4.

Lupu ikimfikia Chausiku, next() imeshasogeza cursor hadi 3. Unaita mikopo.remove(m): orodha inabaki na watu watatu, modCount inakuwa 5, ya itereta bado ni 4. Lupu inarudi juu na kuita hasNext(). Sasa hasNext() ina swali moja tu: cursor na size (idadi ya vitu) ni tofauti? 3 na 3. Si tofauti, basi safari imekwisha. Ule ukaguzi wa 4 dhidi ya 5 umewekwa ndani ya next(), na next() haikuitwa tena. Daudi hakutazamwa kabisa.

Mfuate na Baraka uone. Ukimfuta yeye, cursor ni 2 na size ni 3. hasNext() inakubali, next() inaingia, inakuta 4 na 5, inalipuka. Kwa Daudi ndiyo kichekesho: cursor ni 4, size ni 3, na kwa kuwa swali ni "tofauti au si tofauti", jibu ni tofauti, next() inaitwa, inalipuka. Yaani ukifuta wa mwisho inapiga kelele, ukifuta wa pili kutoka mwisho inanyamaza. Nyaraka za Java zenyewe zinasema ukaguzi huu ni wa kujitahidi tu, hauna dhamana, na programu isijengwe kwa kuutegemea.

Dawa ya zamani ipo tangu 1998, Java 1.2 ilipokuja na Iterator: badala ya kuiambia orodha ifute, iambie itereta.

```java
if (m.baki() == 0) {
    it.remove();
}
```

Itereta inafuta, inarudisha cursor mahali panapostahili, inanakili modCount upya. Masharti ni kwamba uite next() kwanza, na kila next() ina remove() moja. Ukiita mbili mfululizo unapewa IllegalStateException.

Dawa ya kisasa ni ya Java 8, mwaka 2014:

```java
mikopo.removeIf(m -> m.baki() == 0);
```

Mstari mmoja, na kwa ArrayList ni nyepesi zaidi. it.remove() kila inapofuta inawasogeza wote waliobaki nyuma. removeIf inapita kwanza kuweka alama wa kutoka, kisha inabana nafasi zote kwa mkupuo mmoja. Kwa kikoba cha watu 30 hutaona tofauti. Kwa orodha ya laki kadhaa utaiona.

La mwisho kabla sijawaachia uwanja. Kubadilisha kilichomo ndani ya mkopo, tuseme m.punguza(5000), hakugusi modCount. Hata mikopo.set(0, mpya) haiigusi. Kinachohesabiwa ni kuingia na kutoka. Nimeona watu wananakili orodha nzima ili tu wabadilishe salio, kazi ya bure.

Kijana wa mwaka wa pili

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nilijua hii ni hitilafu ya thredi (kazi mbili za programu zinazokimbia kwa wakati mmoja), kwa sababu ya hiyo Concurrent. Nikaweka synchronized kila kona na bado inalipuka.

Mleta uzi

Thredi moja inatosha kabisa kuileta, mdogo wangu, kama ulivyoona kwa Baraka. synchronized inazuia thredi nyingine, haikuzuii wewe mwenyewe uliyeshika ufunguo. Ziondoe zote uanze upya.

Kama kweli una thredi mbili, moja inasoma nyingine inaongeza, hiyo ni kesi nyingine. Collections.synchronizedList inalinda kila metodi (kitendo kimoja, kama add au remove) peke yake, lakini lupu ni metodi nyingi mfululizo, kwa hiyo lupu nzima lazima uizungushie synchronized juu ya orodha hiyo hiyo. Au tumia CopyOnWriteArrayList: itereta yake inapita kwenye picha ya orodha kama ilivyokuwa lupu ilipoanza, anayeongeza anaongeza kwenye nakala mpya. Inafaa pale wasomaji ni wengi na waandishi wachache. Kila kuandika ni kunakili orodha yote, kwa hiyo usiitumie kwenye orodha inayoongezewa vitu kila sekunde.

Chatu mpole

Wa Python nimefika. Mleta uzi umesema cha kuogopa ni ukimya, basi njoo kwetu uogope vizuri:

```python
namba = [1, 2, 2, 3]
for n in namba:
    if n == 2:
        namba.remove(n)
print(namba)
```

Inatoa [1, 2, 3]. Hakuna hitilafu, hakuna onyo. Ni kama foleni ya hospitali: wa pili akitoka wote wanasogea mbele hatua moja, lakini nesi anaendelea kuita kwa namba ya kiti, kwa hiyo aliyehamia kiti cha pili anarukwa. Ajabu ni kwamba kamusi, yaani dict, ukiibadilisha ukubwa ndani ya lupu inakataa kwa RuntimeError. Orodha inakuachia uzame.

Sisi dawa yetu ni kuunda orodha mpya:

```python
namba = [n for n in namba if n != 2]
```

Mleta uzi

Safi. Ila ongezea hapo: kama kuna sehemu nyingine ya programu ilishaishika orodha ya zamani, yenyewe itaendelea kuiona ya zamani. Jina namba tu ndilo limehamia kwenye mpya.

Chatu mpole

Kweli. Hapo tunaandika namba[:] = [...], inabadilisha yaliyomo ndani ya orodha ile ile. Wengi hawaijui.

Mzee wa C#

Kwetu mfano wa Chausiku ungelipuka. foreach juu ya List inakagua toleo la orodha ndani ya MoveNext, na MoveNext ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama kuna kinachofuata. Hakuna mwanya wa kuchomoka kimya kimya. Unapata InvalidOperationException hata ukifuta wa pili kutoka mwisho. Java waligawa kazi kwa metodi mbili, ukaguzi wakauweka kwenye moja.

Mleta uzi

Hii nimeipenda. Kwa hapa C# wametuzidi, sina ubishi.

Namba tu

Mnazunguka sana wakuu. Rudi nyuma kwa namba, yameisha:

```java
for (int i = mikopo.size() - 1; i >= 0; i--) {
    if (mikopo.get(i).baki() == 0) {
        mikopo.remove(i);
    }
}
```

Hakuna itereta, hakuna modCount, hakuna ngonjera. Nimeandika hivi miaka yote na haijawahi kuniangusha.

Mleta uzi

Ni sahihi kwa ArrayList, sikatai. Wanaosogea ni wale uliokwisha kuwapitia, kwa hiyo harukwi mtu. Nina mambo mawili tu nawe.

La kwanza, siku orodha ikiwa ni List<Integer> na ukaandika remove(i) ukikusudia kufuta thamani. List ina remove mbili: ya int inafuta nafasi, ya Object inafuta kitu. Ukiwa na [10, 20, 1] ukaita remove(1), inayotoka ni 20, ile 1 inabaki. Kompaila haikuonyi kwa sababu zote mbili ni halali.

La pili, get(i) ina maana nzuri pale tu orodha ni ArrayList. Metodi yako ikipokea List, hujui aliyekuita kakupa nini. Akikupa LinkedList, orodha ya vitu vilivyoungwa kama mnyororo, kila get(i) inaanza kutembea kutoka mwisho wa karibu, ama kichwani ama mkiani, hadi ifike. Kwa vitu 100,000 wastani ni hatua 25,000 kwa kila kimoja. Zidisha: bilioni 2.5 kwa kupitia orodha mara moja tu. Itereta kwenye LinkedList hiyo hiyo inapiga hatua 100,000 ikamaliza, maana inakumbuka iliposimama.

Namba tu

Nani anatumia LinkedList siku hizi?

Mleta uzi

Wanaofuata noti za chuo zinazosema "kama unafuta sana tumia LinkedList". Wapo wengi humu.

Dada wa seva

Naomba niingilie, maana naona mnajadili namna ya kufuta na hakuna aliyeuliza nani ana ruhusa ya kufuta. Java ni lugha ya programu za obijekti, jamani, kila klasi (class) ilinde data yake.

Kwenye mfumo mkubwa, lupu inayolipuka mara nyingi haina kosa lolote. Imeandikwa vizuri, haifuti kitu. Anayefuta yuko klasi nyingine kabisa, kwa sababu mtu aliandika hivi:

```java
class Kikoba {
    private final List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>();

    List<Mkopo> getMikopo() {
        return mikopo;
    }
}
```

Ameweka private, ameweka final, anajiona kafunga mlango. Halafu getMikopo() inatoa funguo kwa kila mpita njia. Mtu yeyote anaita kikoba.getMikopo().clear() na kitabu chote cha madeni kimefutika, klasi Kikoba haina habari. final hapo inazuia tu jina mikopo kuelekezwa kwenye orodha nyingine. Yaliyomo yako wazi.

Nimewahi kukaa mchana kutwa natafuta hitilafu ya aina hii kwenye mfumo niliourithi. Lupu ya ripoti ilikuwa inaita metodi ya kutuma ujumbe, ile ya ujumbe inaita ya kuhakiki salio, ya kuhakiki salio ikikuta sifuri inaita getMikopo().remove(). Ngazi tatu chini! Ukisoma lupu yenyewe huoni kitu. Ukisoma metodi ya salio huoni kitu. Ni mpaka ufuate maandishi mekundu mstari kwa mstari, na hata hayo yanakuonyesha next() ilipokataa, hayakuonyeshi aliyefuta.

Ninavyoandika mimi:

```java
class Kikoba implements Iterable<Mkopo> {
    private final List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>();

    void ondoaWaliomaliza() {
        mikopo.removeIf(m -> m.baki() == 0);
    }

    @Override
    public Iterator<Mkopo> iterator() {
        return Collections.unmodifiableList(mikopo).iterator();
    }
}
```

Kwa kuwa inatimiza Iterable, aliye nje anaandika for (Mkopo m : kikoba) na kupita anavyotaka. Hajui ndani kuna ArrayList au nini, na kesho ukibadilisha hatavunjikiwa. Zingatia ile unmodifiableList. Ukirudisha mikopo.iterator() tupu, mtu bado anaweza kuita remove() ya itereta na kukufutia. Kufuta kunabaki kwa Kikoba peke yake, na jina la metodi linasema kinachofutwa.

Mleta uzi

Dada umemaliza kazi niliyoiacha nusu. Hii ndiyo ilipaswa iwe juu ya uzi. Nikuulize tu: ukifanya hivyo, mtu akiwa katikati ya lupu ya nje na akaita kikoba.ondoaWaliomaliza(), si bado inalipuka?

Dada wa seva

Inalipuka, ndiyo. unmodifiableList ni dirisha la kuangalia orodha ile ile, haijanakili kitu. Lakini sasa mahali pa kutafuta pamekuwa pamoja: natafuta nani anaita ondoaWaliomaliza, IDE, programu ninayoandikia kodi, inanipa wote kwa sekunde. Zamani nilikuwa natafuta kila remove kwenye mfumo mzima.

Ukitaka isilipuke kabisa, rudisha List.copyOf(mikopo).iterator(), ipo tangu Java 10. Mpita njia anatembea juu ya nakala. Ila ajue kwamba anaweza kukutana na mkopo ambao umeshaondolewa. Kwa ripoti sawa, kwa kulipa pesa hapana.

Mkongwe wa vitufe

Vijana, hata Java yenyewe haikuanza na haya. Ile ya kwanza ya 1996 ilikuwa na Vector na Enumeration, hasMoreElements() na nextElement(), na Enumeration haikuwa na namna ya kufuta. Mkusanyo (Collections) tunaoutumia leo, wenye ArrayList na Iterator, aliusanifu Joshua Bloch ukaja na 1.2, na for ya nukta mbili haikuwepo hadi Java 5 mwaka 2004. Na wazo lenyewe la klasi kumpa mtu njia ya kupita bila kumwonyesha kilichomo ndani ni la miaka ya 1970, Barbara Liskov na wenzake pale MIT kwenye lugha ya CLU. Kule itereta ilikuwa inatoa kitu kimoja kimoja kwa neno yield, hilo hilo ambalo watu wa Python na C# wanalitumia leo.

Chatu mpole

Kumbe yield ni ya kuazima. Heshima kwa mama Liskov.

Kijana wa mwaka wa pili

Wakuu nimefuata ya removeIf, nimetoa synchronized zote, na nikaandika upya hata mstari unaounda orodha. Ile hitilafu ya kwanza imeondoka, sasa inaniletea UnsupportedOperationException kwenye mstari huo huo wa removeIf. Nimekosea wapi?

Namba tu

Bandika mstari unaounda orodha.

Kijana wa mwaka wa pili

```java
List<Mkopo> mikopo = List.of(asha, baraka, chausiku, daudi);
```

Namba tu

Hapo hapo. List.of haibadiliki, haiongezwi wala haipunguzwi. Arrays.asList nayo ina tabia zake, unaweza kubadilisha kilichopo kwa set lakini huwezi kuongeza wala kufuta. Izungushie:

```java
List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>(List.of(asha, baraka, chausiku, daudi));
```

Kijana wa mwaka wa pili

Imekubali mkuu. Chausiku na Daudi wote wametoka.